Herufi za mbao: shajara ya dikte za Mama

Ijumaa, siku ya kwanza

Binti yangu ana miaka minane na yuko mwaka wa tatu wa msingi. Anabeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana nyumbani namwita Mama, na humu nitamwita hivyo hivyo. Leo amerudi kutoka shule akiwa ameficha kaye (daftari) ya dikte, yaani imla, chini ya sweta. 2/10.

Sikumgombeza. Nilimkalisha juu ya meza ya karakana, tukafungua kaye pamoja. Yalikuwa maneno kumi ya nyumbani: père, mère, frère, sœur, enfant, maison, porte, fenêtre, table, chaise. Yaliyopona ni table na porte. Mengine yote yamepigwa biki nyekundu, hakuna maelezo.

Nikaanza kuyasoma makosa yenyewe polepole. Kwa maison aliandika mezo, kwa chaise aliandika shezi, na enfant ikawa anfa. Nikanyamaza kwanza. Mezo si kosa la mtoto mjinga. Ukiitamka maison utasikia m, e, z, kisha o ya puani: sauti nne, na Mama amezikamata zote nne. Shezi nayo ni vile vile, na ile i ya mwisho ameiongeza kwa sababu neno la Kiswahili halipendi kuishia na konsonanti. Mtoto huyu anasikia vizuri sana. Anaandika Kifaransa kwa sheria za Kiswahili, lugha ambayo unachosikia ndicho unachoandika.

Mwaka wa tatu ni mlima kwa watoto wengi wa huku kwetu Goma, Kongo. Kwa programu ya nchi, miaka miwili ya kwanza mtoto anafundishwa kwa Kiswahili na Kifaransa kinaingia kidogo kidogo, halafu mwaka wa tatu Kifaransa kinashika masomo yote. Na tangu elimu ya msingi iwe bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa. Darasani kwa Mama wanabanana wanne kwa benchi moja. Mwalimu hawezi kuinama juu ya kila kaye akaeleza kila kosa, na simlaumu. Ila alama nyekundu tupu ni kama mteja anayekurudishia kiti bila kukuonyesha mguu unaoyumba.

Basi kazi hiyo ya kuonyesha mguu nitaifanya mimi.

Jumamosi

Mimi ni seremala, na Goma haikosi vipande vya mbao. Nusu ya mtaa wetu imejengwa kwa mbao juu ya mawe ya volkano. Nimekusanya masalio ya mkaratusi, nikayapiga randa mpaka unene wa sentimita moja, nikakata vipande vya mraba, sentimita tatu kwa tatu. Msasa nimepiga pande zote sita, maana mkaratusi una vibanzi vikali na vidole vya mtoto ni laini. Halafu nikachoma herufi kwa msumari uliopashwa moto kwenye mbabula. Msumari mmoja hautoshi, unapoa kabla hujamaliza mkunjo wa S. Nilikuwa nayo mitatu, miwili kwenye makaa na mmoja mkononi.

Herufi 26, kila moja mara tatu: vipande 78. Nimeanza asubuhi, nimemaliza jua linazama, na mkono wote unanuka moshi.

Asiye na mbao atumie katoni ya sabuni na makasi.

Wiki ya 1, Jumatatu

Kabla ya Kifaransa nilimwambia aniundie neno lolote la Kiswahili analopenda. Alifikiri kidogo, akapanga kukumbuka. K tatu, U tatu, zote zilizokuwepo kwenye boksi. Hakukosea herufi hata moja, akapiga makofi mwenyewe. Nimeamua kila jioni tuanze hivyo, na neno moja la Kiswahili la kuchagua yeye, ili akikaa kwenye Kifaransa awe tayari ameshinda mara moja.

Halafu tukajaribu kupanga père, mère na frère pamoja mezani. Hatukuweza. R zinatakiwa nne nami nimechonga tatu. È sikuwa nayo hata moja, nilisahau kabisa kwamba Kifaransa kina alama juu ya herufi.

Usiku, watoto wamelala, nikahesabu maneno yote kumi. Yanataka E kumi, bila zile nne zenye alama juu, na A nne tu. K hakuna, W hakuna. Nikaandika maneno hayo hayo kwa lugha yetu: baba, mama, kaka, dada, mtoto, nyumba, mlango, dirisha, meza, kiti. A kumi na mbili, E moja. Nimeishi na lugha hizi mbili tangu utoto na sikuwahi kuona jambo hili mpaka mbao ziliponiishia.

Wiki ya 1, Jumatano

Nimeongeza vipande 20: E sita, È tatu, É tatu, Ê mbili, S tatu, R tatu. Jumla sasa 98.

Leo Mama ameuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza mwalimu wangu. Alikuwa amepanga porte, akaweka kidole juu ya E ya mwisho.

«Papa, juu ya nini banaandika herufi yenye habasome?»

Yaani, kwa nini inaandikwa herufi isiyosomwa. Nilitaka kumjibu kwamba ndivyo Kifaransa kilivyo. Nikajizuia. Nikaiondoa ile E, ikabaki port. Nikamwambia: hii ni bandari, pale boti za Bukavu zinapofunga kamba. Soma. Akasoma «port» na T ikisikika. Hapana, nikamwambia, T hapa imelala, sema «por» tu. Sasa rudisha E. Akairudisha. Nikasoma: porte. T imeamka.

Aliiondoa na kuirudisha mara tano au sita. Por, porte, por, porte. Kisha akaenda mbio kumwonyesha mama yake jikoni kwamba E haisemi kitu lakini inaamsha wenzake. Tukafanya petit na petite, grand na grande. Hiyo jioni peke yake imelipa mbao zote.

Ijumaa: 4/10. Fenêtre amepata, na kofia yake juu.

Wiki ya 2

Maneno ya jikoni: poisson, tasse, assiette, couteau, eau, gâteau, sel, sucre, huile, beaucoup.

Jumatatu tulikuwa tunakula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na nilimsomea poisson (samaki) kwa haraka, huku mdomo umejaa, nikitamka «pwazon». Akaandika poison. Poison ni sumu. Kosa ni langu, yeye ameandika sawasawa alichosikia. Nikamwomba msamaha na tukatafuta sheria yake pamoja. S moja ikikaa katikati ya irabu mbili inasomeka Z: maison, rose, chaise. Ukitaka ibaki S, lazima iwe na pacha: poisson, tasse, assiette. Kwetu S ni S popote ilipo, kwa hiyo hili mtoto hawezi kulibuni, lazima aonyeshwe. Sasa namtamkia kila neno mara mbili, taratibu, na sina kitu mdomoni.

Kwa eau, yaani maji, alikasirika. Alipanga E, A, U, akazitazama, akasema hamna O humu ndani. Ni kweli, hamna. Herufi tatu zinatoa sauti ya O na hakuna hata moja yenye O. Hapa sikuwa na sheria ya kumpa. Nilimwambia tuzifunge hizo tatu kama kipande kimoja, na kesho yake nikachonga ubao mrefu mmoja wenye EAU nzima. Akaubandika nyuma ya cout-, nyuma ya gât-, halafu akauliza kama ndoo pia. Ndoo pia, ukiweka S mbele: seau. Tangu ubao huo utoke, hajakosea hata neno moja linaloishia hivyo.

Alhamisi nilichelewa kazini. Mke wangu, kwa nia njema kabisa, alimfundisha vile sisi wote tulivyofundishwa: andika beaucoup («nyingi») mara kumi. Nilipofika nikakuta ukurasa umejaa. Mistari mitatu ya kwanza iko sawa. Mstari wa nne U ya kwanza imeanguka, imekuwa beacoup, na kuanzia pale mpaka wa kumi ni beacoup, beacoup, beacoup. Mara saba amelifanyia kosa mazoezi. Alikuwa hanakili tena neno la ubaoni, alikuwa ananakili mstari wa juu yake, macho yamechoka.

Ijumaa ameandika beacoup. 3/10. Ameteremka, akalia njiani, mimi pia nilivunjika moyo. Tumekubaliana na mke wangu: hakuna tena kunakili mara kumi. Neno linatazamwa, linafunikwa, linaandikwa kutoka kichwani mara moja, linafunuliwa, na Mama mwenyewe analinganisha herufi kwa herufi. Mara moja yenye macho wazi.

Wiki ya 3

Mambo mawili mapya.

La kwanza ni mchanga. Nilitaka aandike kwa chaki kwenye ukuta wa uwanja, lakini mawe ya volkano yana matundu, yanakula chaki kama msasa. Basi nimechukua kipande cha tripleksi (plaiwudi), nikakipigia ukingo wa mbao pande nne, nikamimina mchanga mweusi wa hapa hapa uwanjani uliochekechwa. Anaandika kwa kidole. Mstari unatokea mweupe wa ubao chini ya weusi wa mchanga. Akikosea anapitisha kiganja, na kosa halipo. Nimemwangalia: kwenye kaye anaandika akiwa amekunja mabega, kwenye mchanga mabega yanashuka. Anathubutu kujaribu neno asilolijua.

La pili limetoka kwa shemeji yangu aliyesomea ualimu. Nilimweleza kwamba Mama anajua neno Jumanne na Ijumaa limepotea. Akaniambia kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kutoa matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza, halafu kasi inapungua. Na mwingine, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alieleza namna ya kupigana na hali hiyo kwa sanduku lenye vyumba. Neno jipya linakaa chumba cha kwanza na linaulizwa kila siku. Likijibiwa sawa linahamia cha pili, linaulizwa kwa nafasi. Likijibiwa tena linakwenda mbele zaidi. Likikosewa linarudi mwanzo. Sanduku ndiyo kazi yangu! Nimelitengeneza jioni hiyo hiyo, vyumba vitatu: cha kila siku, cha siku mbili mbili, cha Jumapili. Maneno yameandikwa kwenye vipande vya katoni.

Orodha ya wiki ilikuwa ya shule: maître, école, cahier, craie, règle, lecture, écriture, bureau, livre, élève.

Bureau sisi tunaita biro, na hapo ndipo tatizo linapoonekana. U ya Kifaransa haipo kwenye sikio letu, kwa hiyo tunaisikia kama I. Mama aliandika lektir. Nikamshikia kioo cha mama yake. Sema I. Usiondoe ulimi. Sasa midomo tu, ifanye duara kama unasema U. Ikatoka sauti, akashtuka, akacheka mpaka akaacha kioo. Tukairudia: ri, ru, rou. Tangu siku hiyo, akiwa na shaka kati ya I, U na OU, anakunja midomo kwanza kabla ya kuandika. Unaona midomo inasogea kimya kimya juu ya kaye.

Maître ilimpa taabu kwa sababu nzuri. Aliandika metre. Nikatoa metre yangu mfukoni, ile ya kupimia mbao, nikaivuta mpaka mita moja. Nikamwambia, hii ndiyo uliyoandika, imekosa alama tu: mètre. Yule anayekufundisha ni maître. Na nikiweka metre mezani, hicho kitendo cha kuweka ni mettre. Tatu, sauti moja. Tulizipanga zote kwa herufi za mbao, moja juu ya nyingine, na kila mstari ukawa na kitu chake: metre yenyewe, chaki kwa ajili ya mwalimu, na kiganja chake kilichowekwa mezani.

Akauliza kofia ya Î ni ya nini. Hilo nilikuwa nalo tayari. Zamani neno hilo liliandikwa maistre, na S. S ikaacha kusomwa, ikaondolewa, na kofia ikabaki kuonyesha ilikokuwa. Ndivyo ilivyo pia kwa hôpital, fête, forêt, fenêtre. Yapo masahihisho ya tahajia ya Kifaransa ya mwaka 1990 yanayoruhusu kuandika maitre bila kofia, lakini darasani kwake kofia inadaiwa, kwa hiyo tunaivalisha. Nimechonga Î moja.

Ijumaa: 6/10.

Wiki ya 4

Malaria. Hakwenda shule, dikte ilimpita. Sikufungua sanduku siku tisa nzima. Alipopata nguvu nikamuuliza yale 11 yaliyokuwa chumba cha Jumapili, ameandika 8. Kabla ya sanduku angekuwa amebaki na mawili. Orodha ya wiki hiyo nimeiomba kwa mwalimu na nimeiingiza chumba cha kwanza.

Nilipokwenda kuichukua niliongea naye kidogo. Nilimwambia, «Madamu, mtoto anaandika kile anachosikia, nami namwonyesha kinachojificha.» Akafungua kaye, akaitazama upya. Akaniambia wengi darasani wanaandika mezo.

Wiki ya 5

Maneno ya mjini: rue, route, marché, pharmacie, église, voiture, moto, pont, marchand, parapluie. Mwalimu bora wa wiki hii alikuwa barabara. Kuanzia kwetu Majengo mpaka shule kuna vibao vilivyopakwa rangi kila hatua: pharmacie, coiffure, boulangerie, chambre froide. Kila asubuhi Mama anachagua kimoja, anakitazama, anageuka kukipa mgongo, na ananitajia herufi zake huku tukitembea. Tumesimama njiani mara nyingi, tukipishana na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoteremka na mzigo.

Siku ya Jumatano alisimama mbele ya duka ninaponunua misumari. Sisi tunaita kenkairi. Kibao kinasema quincaillerie. Alikitazama muda mrefu, akasema, «Papa, K haimo.» Anaisikia mara mbili na haimo hata mara moja: ya kwanza imejificha ndani ya QU, ya pili ndani ya C. Akataka kulipanga nyumbani. Herufi 13, I zote tatu zikaisha. Siku ya kwanza alidondosha L moja, ya pili akapata. Halimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Analiandika kwenye mchanga kila jioni kwa raha zake.

Ijumaa: 8/10. Kosa la kwanza ni pont bila T, kwa sababu T imelala na hakuna E ya kuiamsha. Nimemwonyesha ponton, pale inasikika, basi na hapa imo. La pili ni palapluie. Hili si la Kifaransa, ni la kwetu. Hapa Kivu R na L zinabadilishana viti mdomoni, hata mimi nikichoka. Tumeanza kutafuta dawa kwa kutamka taratibu, ulimi ukigonga kwa L na kutetema kwa R. Bado.

Wiki ya 6, Jumapili

Nimefungua sanduku lote. Maneno 50 ya wiki tano. Chumba cha Jumapili yapo 29, cha kati 12, cha kila siku 9. Kati ya hayo tisa, beaucoup lipo mpaka leo. Zile mara saba hazijafutika. Quincaillerie amelitia mwenyewe kwenye sanduku, kwa hiyo kwa hesabu yake ni 51.

Jioni mke wangu alikuwa anachambua maharagi, na sinia ya mchanga ikiwa karibu naye. Yeye shule aliiacha mapema. Mama alichukua katoni kutoka chumba cha kati, akamsomea: «assiette.» Mara mbili, taratibu, kama ninavyofanya. Mke wangu akapangusa kidole kwenye kitenge, akaandika asiet. Mama hakusema kosa. Alimuuliza: «S yako iko peke yake katikati ya irabu. Inasema nini?» Mke wangu akasoma tena kwa sauti, akatikisa kichwa, akaongeza S ya pili. Zikabaki T moja na E moja, wakazitafuta pamoja.

Watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama, wakaingia, wakaanza kupanga majina yao kwenye mkeka. Ndani ya dakika chache E zimekwisha tena. Nimeshapiga randa ubao mwingine wa mkaratusi. Kesho asubuhi, kabla ya wateja, nakata E kumi, R nne, na L za kutosha kwa ajili ya parapluie.